Mtu Mwenye Ujuzi wa Kawaida

Sheria ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ina mtu wake ambaye hajawahi kuzaliwa. Hana jina, hana mama, hali wala halali. Amesoma kila kilichoandikwa katika fani yake na hajasahau hata sentensi moja, ila amenyimwa kitu kimoja tu: hajawahi kupata wazo jipya maishani mwake. Wanasheria humwita mtu mwenye ujuzi wa kawaida. Wakigombana juu ya uvumbuzi, humsimamisha huyo mbele ya jaji na kumuuliza: ukipewa maelezo haya, unaweza kukitengeneza kitu hiki mwenyewe bila kuhangaika kupita kiasi? Akiweza, hataza inasimama. Akishindwa, inaanguka, kwa sababu mwenye nayo amejimilikisha kitu ambacho hakuwafundisha wenzake namna ya kukipata.

Na kwa kuwa mtu huyo hayupo, kila upande hukodi maprofesa wa kumsemea. Kampuni ya Pellwood ilipoingia mahakamani Boston, wakili wake alikuja na ujanja mwingine. Alisema maprofesa watakuwepo, lakini mtu wa kawaida mwenyewe anaye, yu hai, anakaa Mtaa wa Gore huko Cambridge ya Mashariki, na anaitwa Deolinda Furtado.

Deolinda alikuwa amekaribia miaka sitini. Mfupi, mwenye kiuno kipana na mikono midogo iliyotulia, nywele amezikata fupi tangu zilipoanza kumsumbua kazini. Wazazi wake walitoka visiwa vya Azori kama nusu ya mtaa wetu, Wareno waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya sabuni na peremende, wakajenga kanisa lao na maduka yao ya mikate, wakazaa watoto ambao walipokua wakakuta viwanda vimefungwa. Katika majengo yale yale wakaingia wanasayansi. Deolinda aliingia nao akiwa msichana, kuosha vyombo vya vioo, na hakutoka tena.

Aliyemtoa kwenye sinki ni Daktari Avram Lisker, mwanasayansi wa Pellwood, mtu mwembamba wa mizaha mingi, ambaye kila majira ya baridi alipoteza kofia na kununua nyingine. Siku moja fundi wake aliumwa, akamwomba Deolinda amshikie pipeti, kile kibomba cha kunyonyea na kupimia matone, kidogo tu. Akamtazama anavyoishika. Akamwambia asirudi kwenye sinki. Tangu hapo walifanya kazi pamoja, yeye akimwita Deo, naye akimwita Daktari, na hata walipozeeka hakuna aliyewahi kubadilisha.

Kitu walichokihangaikia ni kipokezi. Kila seli ya mwili ina vipokezi juu ya ganda lake, vidogo visivyoonekana, kazi yake kusikiliza. Kikiguswa na kitu chake, kipokezi hupeleka habari ndani, na seli ikaitika. Kile cha Lisker kilikuwa kwenye seli za ngozi. Kikiguswa, seli inapiga kelele: ngozi inavimba, inawaka, inawasha. Kwa watu wengine kelele hiyo haiishi, wanajikuna mpaka shuka zinakuwa na damu, na watoto wao wanaogopa kuwashika mikono. Wataalamu wengi walitafuta dawa ya kukiziba kipokezi hicho kabisa. Lisker alisema ukikiziba kabisa mwili unabaki bila mlinzi. Yeye alitaka kukipunguza sauti tu, kama mtu anavyompunguzia jirani redio bila kumvunjia.

Kwa hiyo walitafuta kingamwili, aina ya protini ya kinga ya mwili, ambayo itakaa juu ya kipokezi, mahali fulani hasa, na kuituliza ishara bila kuizima. Walitafuta miaka mingi. Wakapata chache. Na hapo kampuni ikaandika hataza, na wanasheria, kama ilivyo ada yao, hawakuridhika na zile chache zilizopatikana. Waliandika kwamba Pellwood inamiliki kingamwili yoyote itakayokaa mahali pale na kutuliza ishara ile, iliyokwisha patikana na itakayopatikana, iwe ya nani iwe ya nani. Miaka ikapita. Kampuni nyingine, ya ng'ambo ya mto, ikapata ya kwake, tofauti kabisa kwa umbo, ikaitoa kama dawa na watu wakaanza kulala usiku. Pellwood ikawashtaki.

Sasa wakili wa Pellwood, Bi. Corinne Haddix, alikuwa mwanamke kijana mwenye akili ya wembe, na hesabu yake ilikuwa nzuri. Wapinzani wangesema kazi ile ni ngumu, ya kubahatisha, kwamba hata msomi mwenye shahada ya udaktari akipewa maelezo ya hataza angeambulia patupu. Yeye angemleta Deolinda, mwanamke ambaye hajaingia chuo kikuu, asimame kizimbani aseme alikuwa akiifanya kazi hiyo kila siku, hatua kwa hatua, kama mtu anayepika wali. Kama fundi asiye na shahada aliiweza, msomi atashindwaje?

Walikutana ofisini kwake mara kadhaa kujitayarisha. Bi. Haddix hakumwambia aseme uongo. Wanasheria wazuri hawafanyi hivyo, wala hawana haja. Alimwuliza tu: hatua ya kwanza, ilikuwa ya kawaida? Deolinda akasema ndiyo. Ya pili? Ndiyo. Kuzilisha seli, kuziosha, kuzipima, kuna lolote hapo asiloliweza mtu aliyefunzwa? Hakuna. Basi, wakili akasema, tutaulizana hivyo hivyo, na wewe utajibu hivyo hivyo, kila neno ni kweli tupu.

Deolinda alipoulizwa maisha ya maabara yalikuwaje, akachangamka. Akasimulia mazishi. Kila Ijumaa alasiri, Daktari Lisker aliwakusanya wote mbele ya pipa la taka za maabara, akavua miwani, akasoma wasifu wa kingamwili zilizoshindwa wiki hiyo. Huyu alikuwa mzuri wa sura lakini hakupenda kukaa alipowekwa. Huyu alikizima kipokezi kabisa, hasira zilimponza. Huyu hakufanya lolote, na tumuombee. Halafu wakala mkate mtamu wa mayai aliouoka Deolinda, wakanywa kahawa, na Jumatatu wakaanza upya. Ilikuwa njia ya Daktari ya kuwazuia vijana wasife moyo, maana kazi ya namna ile inaweza kumfanya mtu mzima alie chooni.

Bi. Haddix alikuwa ameacha kuandika.

"Hiyo," akasema taratibu, "hatutaitaja."

"Ni mzaha tu, Wakili."

"Najua ni mzaha, Bi. Furtado. Ndiyo maana hatutaitaja."

Deolinda hakuwa mjinga. Alitoka pale, akavuka daraja kwa miguu ingawa upepo wa Februari ulikuwa unakata masikio, na njiani akaelewa kinachotakiwa kwake. Jibu la hatua ya kwanza ni kweli. La pili ni kweli. Lakini ukiziunganisha zote zinasema jambo lisilo kweli: kwamba ilikuwa rahisi. Kwamba maisha yake yote, Jumapili zote alizotoka misani akaenda kulisha seli kwa sababu seli hazijui Jumapili, vidole vilivyoanza kukakamaa, mume aliyechoka kumsubiri akaenda zake New Bedford, vyote vilitumika kwa kazi ambayo yeyote angeifanya. Akisema hivyo, Lisker anabaki na hataza yake. Asiposema, Lisker anaipoteza, na atakayekuwa amempotezea ni yeye.

Lilimuuma. Siku hizo mama yake alimwuliza mara mbili kama ana homa.

Mama yake, Eufémia, alikuwa na miaka zaidi ya themanini, amevaa nyeusi tangu mumewe afe, na ujana wake wote aliumalizia kiwandani akifunga peremende kwenye karatasi. Kiingereza alikijua cha dukani tu. Waliishi wawili katika nyumba ya ghorofa ya chini, na ndiko Daktari Lisker alikokuja Jumamosi moja, wiki moja kabla ya ushahidi, na kofia mpya. Eufémia alimketisha mezani, akamwekea bakuli la supu ya sukuma wiki na soseji ya kitunguu saumu, akasimama nyuma ya kiti chake mpaka alipoimaliza. Hakuna mtu aliyewahi kuondoka nyumba ile bila kula.

Lisker alizungumzia hali ya hewa, goti lake, wajukuu. Mwishowe akakiweka kijiko chini.

"Haddix anasema una wasiwasi."

"Sina wasiwasi, Daktari. Nafikiri tu."

"Deo, hii hataza ndiyo kitu pekee nitakachokiacha chenye jina langu. Wewe unajua. Wanangu hawajui, wewe unajua." Akatazama mikono yake. "Sema tu ilikuwa kazi ya kawaida. Utapungukiwa nini?"

Deolinda alimwangalia mzee huyu ambaye alimlipia masomo ya jioni, ambaye alikuja hospitali mumewe alipomwacha na ugonjwa ukamshika, akakaa kando ya kitanda anasoma gazeti kwa sauti kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumfariji mtu. Alimpenda, na hakuna haja ya kuzunguka. Hakumpenda kama mwanamume, alimpenda kama mtu aliyekesha naye msiba mmoja mrefu. Akamwambia ataapa kusema kweli, na atasema kweli. Lisker akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia alichotaka, akavaa kofia. Eufémia akamfungia mkate.

Siku ya ushahidi alivaa koti la kijivu la kwenda kanisani. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, anasikiliza peke yake bila jopo la raia, na mezani alikuwa na pakiti ya karatasi za kupengea. Bi. Haddix alimwongoza Deolinda vizuri, hatua moja baada ya nyingine, na Deolinda alijibu ndiyo, ya kawaida. Ndiyo, ya kawaida. Ndiyo, mtu yeyote aliyefunzwa. Nyuma ya wakili, Lisker alikuwa amekaa na mikono magotini, anaitikia kila jibu. Haddix akakaa chini amefurahi.

Akasimama wakili wa wapinzani, Bw. Strand, jitu refu la sauti ndogo. Hakuleta karatasi yoyote.

"Bi. Furtado," akaanza, "nasikia unaoka mkate mzuri sana."

Watu wakacheka. Jaji naye akatabasamu ndani ya karatasi yake. Deolinda hakucheka, kwa sababu mkate huo aliujua, na akajua kuna kijana wa zamani wa maabara aliyeusimulia ng'ambo ya mto.

"Wanasema ni mzuri," akajibu.

"Ulikuwa unaupeleka kazini siku gani?"

"Ijumaa."

"Kwa ajili ya nini?"

Bi. Haddix akasimama kupinga, akasema mikate haihusiani na hataza. Jaji akasema angependa kusikia. Deolinda angeweza kusema ni kwa ajili ya kahawa. Isingekuwa uongo hata huo.

"Ya mazishi," akasema.

Jaji akaweka kalamu chini. "Mazishi ya nani?"

"Ya kingamwili zilizokataa, Mheshimiwa. Daktari alikuwa anazisomea wasifu. Ilikuwa mizaha yetu."

Bw. Strand akauliza kama kulikuwa na Ijumaa isiyo na mazishi. Deolinda akafikiri kwa uaminifu, akasema Ijumaa Kuu, maana maabara ilifungwa. Safari hii watu wachache ndio waliocheka. Lisker alikuwa ameacha kuitikia kwa kichwa.

"Hataza ilipokwisha kuandikwa," Bw. Strand akaendelea kwa sauti ile ile ndogo, "yaani maelezo yote yapo, kila hatua ipo, na nyinyi wenyewe ndio mlioyaandika. Mazishi yaliisha?"

"Hapana."

"Mliendelea kutafuta nyingine?"

"Kampuni ilitaka nyingine. Niliendelea miaka kadhaa."

"Ukifuata maelezo ya hataza?"

"Neno kwa neno. Nilikuwa nayo pembeni."

"Ukapata ngapi zilizofanya kazi?"

Deolinda akamwangalia Lisker. Hakumwangalia kwa kuomba radhi wala kwa kumuaga. Alimwangalia kwa sababu mtu mwingine pekee aliyekuwa pale katika miaka ile ni yeye.

"Hata moja," akasema.

Bw. Strand akashukuru, akakaa. Na hapo ndipo Deolinda alipojifunza jinsi sheria inavyoweza kumpandisha mtu asubuhi na kumshusha kabla ya chakula cha mchana. Bi. Haddix alisimama tena. Uso wake haukuwa na chuki. Alikuwa mtu anayezima moto kwa chochote kilicho karibu. Akamwuliza kama amesoma chuo kikuu. Hapana. Kama ana shahada ya aina yoyote. Hapana. Kama aliajiriwa kwanza kuosha chupa. Ndiyo. Kama ni kweli siku fulani aliharibu sampuli nzima kwa kusahau mlango wa jokofu wazi. Ni kweli, aliharibu. Basi, je, haiwezekani kwamba alishindwa si kwa sababu maelezo yana kasoro, bali kwa sababu yeye ni fundi tu, na mtu ambaye sheria inamkusudia, msomi aliyefunzwa sawasawa, angefanikiwa?

"Inawezekana," Deolinda akasema. "Mimi sijui."

Aliteremka kizimbani uso unamwaka. Nyumbani alimweleza mama yake yote kwa Kireno, bila kulia, akimenya viazi. Eufémia alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kesho ni zamu ya nani. Deolinda akamwambia ni ya Daktari: ataitwa tena kueleza kwamba yeye Deolinda hakuwa na ujuzi wa kutosha. Akisema hivyo, hataza inaweza kupona bado.

"Na atasema?"

"Itambidi, Mama. Ndiyo njia iliyobaki."

"Basi nitakwenda," Eufémia akasema. "Supu yangu alikula. Aseme huku nikimwona."

Hakukuwa na namna ya kumzuia. Asubuhi yake wakaingia mahakamani wawili, mmoja kavaa kijivu na mmoja kavaa nyeusi, wakakaa benchi la mbele kabisa upande usio wa Pellwood wala wa wapinzani. Lisker alipoitwa, aliwapita karibu sana. Eufémia alimwitikia kwa kichwa kwa adabu zote, na nadhani hilo lilikuwa baya kuliko kama angemtemea mate.

Bi. Haddix hakupoteza wakati. Alimwomba Daktari aeleze sifa za mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hii. Lisker akasema ni mwenye shahada ya udaktari na uzoefu wa miaka michache. Je, Bi. Furtado ni mtu wa namna hiyo? Hapana, hana shahada. Sauti yake ilikuwa kavu, na hakutazama benchi la mbele. Deolinda alikuwa akitazama viatu vyake. Alishajiandaa. Alikuwa amejiambia usiku kwamba mzee huyu ana haki ya kuokoa kilicho chake, kwamba yeye alisema kweli yake na mwenzake aachwe aseme yake, kwamba maneno ya mahakamani ni ya mahakamani tu. Alijiambia yote hayo na hakuna hata moja lililomsaidia.

"Kwa hiyo, Daktari," Haddix akasema, "kwa maoni yako, mtu mwenye shahada hiyo, akifuata maelezo ya hataza, angefanikiwa pale aliposhindwa Bi. Furtado?"

Lisker alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Jaji akapenga kamasi, akangoja. Haddix akarudia swali kwa maneno machache zaidi.

"Nimekusikia," Lisker akasema. "Nakumbuka tu. Kuna mwaka Deo alikwenda visiwa vya Azori kumuuguza dada yake. Alikaa huko karibu majira yote ya joto. Kampuni ilikuwa inatusukuma, kwa hiyo niliwaweka kwenye kazi yake madaktari wawili vijana, wenye shahada nzuri, kutoka vyuo ambavyo hapa wote mnavijua. Nikawapa hataza. Mimi mwenyewe nikavaa koti nikaingia nao."

Bi. Haddix akajaribu kumkatiza. Jaji akainua kidole.

"Hatukupata kitu," Lisker akasema. "Nusu ya muda hata seli hatukuweza kuziweka hai. Tukaacha. Tukamsubiri Deolinda arudi."

Mpiga chapa wa mahakama peke yake ndiye aliyesikika.

"Akarudi. Akajaribu na yeye, mwaka mzima na zaidi, akashindwa kama sisi. Siku aliyoniambia anataka kuendelea nilimwambia aache. Nilimwambia bajeti imekwisha. Bajeti haikuwa imekwisha." Sasa alitazama benchi la mbele. "Nilijua tayari. Zile tulizozipata mwanzo zilikuja kwa kuhangaika na kwa bahati, na mimi niliandika kama kwamba tunajua njia. Hatukuijua. Mtu akisoma nilichoandika hawezi kuzipata nyingine, na hilo si kosa la mikono ya mtu yeyote. Kama Deolinda alishindwa, hakukuwa na wa kuweza. Hilo ndilo jibu langu. Samahani, Bi. Haddix."

Bw. Strand alisema hana swali. Wakili hodari hujua wakati wa kutulia kwenye kiti chake.

Hukumu yenyewe ilitoka majira ya kuchipua, theluji ilipokwisha yeyuka, na haikumshangaza mtu: hataza ilianguka, watu wa ng'ambo ya mto wakaendelea na dawa yao, na Pellwood ikapunguza wafanyakazi. Lakini kwa hawa wawili kesi iliisha siku ile ile, ukumbini, nje ya mlango wa mahakama, ambako Lisker aliwakuta Deolinda na mama yake wamekaa kwenye benchi la mbao wakivaa glavu. Bi. Haddix alipita na masanduku yake ya magurudumu bila kuwatazama, na nani wa kumlaumu.

Lisker akaketi mwisho wa benchi. Kofia alikuwa ameisahau ndani.

"Imekwenda, Deo," akasema.

"Imekwenda, Daktari."

"Unasikitika?"

"Nasikitika sana." Na ilikuwa kweli. Alisikitika kwa ajili yake, na kwa ajili ya Ijumaa zile zote, na chini ya masikitiko hayo kulikuwa na kitu kingine ambacho alikuwa bado anaogopa kukigusa.

"Siku ile nilipokuja kukuomba useme ilikuwa rahisi," Lisker akasema, "sikujua nakuomba nini. Mbona hukunifukuza?"

"Ulikuwa mezani kwa mama yangu."

Mzee akacheka kidogo, akajifuta macho kwa kiganja, na hakuficha kwamba anajifuta. Eufémia, ambaye alikuwa amekaa mahakamani muda wote huo bila kuelewa zaidi ya jina la bintiye kila lilipotajwa, akamvuta Deolinda mkono wa koti. Akauliza kwa Kireno mzee amesema nini mle ndani hata wote wakanyamaza vile.

Deolinda akatafuta namna ya kueleza vipokezi, na hataza, na mtu wa sheria asiyekuwepo. Hakuipata.

"Amesema niliposafiri kwenda kwa dada, walileta watu wengine kazini kwangu, wakashindwa," akasema. "Wakanisubiri nirudi."

"Walikusubiri?"

"Walinisubiri, Mama. Majira yote ya joto."

Eufémia akavuta vidole vya glavu kimoja kimoja.

"Mimi nilipokuzaa wewe," akasema hatimaye, "niliporudi kiwandani nilimkuta mwingine kwenye kiti changu, anafunga peremende zangu. Msimamizi hakukumbuka hata jina langu. Akaniambia mikono iko mingi."

Akamgeukia Lisker, akamshika mkono, akautikisa kwa nguvu mara moja, kama wanaume wanavyopeana mikono wakimaliza biashara. Hapo ndipo Deolinda alipolia. Alikuwa amejikaza siku zote mbili, kizimbani na jikoni, na sasa akalia kwa sauti, katikati ya mawakili waliokuwa wanakwenda kula, na hakujali nani anamwona.